Wimbo wa Vipande

Chumba nilichojifunzia piano kilinuka dawa ya kuchua. Ilikuwa ile ya kopo dogo la bati, ambayo ukiifungua tu macho yanaanza kulengalenga. Kaka yangu Isaya alijipaka viganjani, viwikoni na magotini kila asubuhi kabla hajakaa kwenye kinanda, harufu ikahamia kwenye vibao vyake, kutoka hapo ikahamia kwenye vidole vyangu, ikanifuata mpaka shuleni, ambako mwenzangu wa dawati aliniuliza kama kwetu tunaishi na bibi kizee. Tulikuwa tukikaa Kibamba, ndani kabisa, unaiacha barabara ya Morogoro na kushuka mteremko wa udongo mwekundu ambao wakati wa mvua ulitunyang'anya ndala. Nyumba yetu baba alikuwa ameijenga nusu: sebule na vyumba viwili vimeezekwa, upande wa pili kuta tupu na nondo zilizochomoza. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini, anatoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia, na mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wote wawili walitoka Tukuyu wakiwa vijana, na katika vyote walivyokuja navyo, kilichodumu ni kuimba. Kwetu hata vyombo vilioshwa kwa sauti nne.

Isaya alizaliwa na selimundu. Wenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani hawahitaji kuelezwa. Kwa wasioujua ugonjwa huo, niseme tu kwamba damu ilimkwama ndani ya mishipa, na ilipokwama alilia kama mtu anayepondwa mifupa, kisha ikiachia anabaki na macho ya njano, midomo mikavu na utani mwingi. Akiwa mtoto mchanga vidole vilimvimba, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikuendelea kukua. Alipokuwa kijana wa kunyoa ndevu, kidole hicho kilikuwa bado cha mtoto. Alimaliza kidato cha nne kwa tabu, mwaka mmoja akausomea zaidi wodini kuliko darasani, kisha akabaki nyumbani, kazi yake ikawa kuipigia kinanda kwaya ya kanisani kwetu. Kinanda chenyewe kilikuwa mali ya kwaya, cha umeme, ila kililala sebuleni kwetu kwa sababu kanisa lilikuwa bado linajengwa na halikuwa na mlango wa kufunga. Kilikuwa na sauti chungu nzima, za filimbi, za tarumbeta, hata za ngoma, lakini Isaya alikiweka kwenye sauti ya piano tu. Hizo nyingine aliziita makelele ya harusini.

Masika ya mwaka ule nilikuwa darasa la sita. Mvua na baridi vilikuwa adui zake wakubwa, na Jumapili mbili zilifuatana hakuweza kwenda kanisani. Ndipo akanivuta kiti akaniambia nikae. Wazazi aliwaambia anamfundisha msaidizi, wa kumshikia siku anazoumwa, na baba akafurahi. Mimi peke yangu aliniambia ukweli, akiwa anatazama vibao wala si uso wangu.

"Tuse, mie nikiondoka, wewe ndiye utanipigia. Sitaki mtu mwingine."

Jina langu ni Tusekile, lakini yeye hakuwahi kulimaliza. Sikumuuliza anaondoka kwenda wapi. Mtoto anayelala chumba kimoja na mgonjwa anajua mengi kuliko watu wazima wanavyodhani. Wimbo alioutaka ni mmoja wa zamani, umo kwenye kitabu chetu cha nyimbo, na kwetu Tukuyu huimbwa jeneza likitolewa. Aliusikia akiwa mdogo siku alipozikwa babu, ukipigwa kwa kinanda cha kukanyaga cha kanisa la kule, kwa besi nzito ambayo, kwa maneno yake, ilitikisa benchi chini ya makalio yake. Tangu siku hiyo hakuwahi kuisikia tena. Mstari wa tatu unautaka mkono wa kushoto ufunguke wote, kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho, na kidole chake kile hakikufika. Miaka yote alikuwa akiupiga kwa besi iliyopunguzwa, na hakuna mwanakwaya aliyejua, ila yeye alijua na ilimuuma. Mimi nilikuwa na vidole virefu, ambavyo alivitania kwamba Mungu aliviumba kwa ajili ya kuchuma chai. Alitaka azikwe kwa besi kamili. Hilo ndilo lililokuwa ombi lake, na lilikuwa langu mimi peke yangu, kwa maana nyumbani kwetu neno kifo halikutajwa. Siku moja alichokoza kidogo, mama akiwa anachagua mchele, akasema siku yake ikifika wasimvalishe tai. Mama aliweka ungo chini. "Isaya, acha uchuro ndani ya nyumba yangu." Baba alitoka nje na kusimama kwenye zile kuta tupu, akijifanya anakagua matofali.

Waliojifunza muziki mitaani kwetu wanajua mazoezi yanavyokwenda. Unaanza mwanzo, unakosea katikati, unarudi mwanzo, unakosea palepale, na baada ya mwezi umekuwa fundi wa mstari wa kwanza na kilema wa uliobaki. Isaya hakuweza kuvumilia jambo hilo. Mwanzo unaujua tayari, aliniambia, unaurudia wa nini? Anza pale panapokutesa. Aliukata wimbo katika mistari yake minne, kila mstari akaukata vipande vya urefu wa pumzi moja, na tukaanzia mkiani, mstari wa mwisho, ili kila nikisonga niwe naelekea mahali ninapopajua. Kwanza mkono wa kushoto peke yake. Kisha wa kulia peke yake huku naimba besi kwa mdomo, jambo lililowachekesha majirani. Kisha yote miwili, polepole mno, kiasi kwamba hata mama, aliyeuimba wimbo ule tangu utoto, hakuutambua. Nikikosea hakunigombeza, alinigonga kifundo cha mkono kwa kijiko cha chai na kusema kidole kinakumbuka kosa kama kinavyokumbuka kilicho sahihi, basi nisikifundishe ujinga. Na kabla sijachoka alinifukuza nikacheze rede. Jioni aliniita tena, kwa muda mfupi uleule, kipande kilekile. Alikuwa mkali kwa kitu kimoja tu: ilikuwa marufuku kuupiga wimbo mzima. Vipande vikiwa vibichi haviunganishwi, alisema. Mpaka kila kimoja kikubali, na yeye ndiye angeamua kama kimekubali.

Umeme ulikatika mara kwa mara miezi ile, na betri za kinanda kile zilikuwa kubwa na za kuhesabiwa. Hilo halikuniokoa. Nilikaa mbele ya vibao vilivyokufa nikavibonyeza bila sauti, huku yeye amelala kwenye kochi na blanketi lake, akisikiliza milio midogo ya plastiki. Aliweza kujua nimekosea kwa kusikia tu kidole kilivyotua. Kulikuwa pia na ile swichi ya kuuhamisha wimbo mzima juu au chini, si ile ya kuongeza kelele. Wapigaji wengi wa mjini walijua kupiga kwa njia moja tu, na kwaya ikitaka wimbo upande au ushuke, walibonyeza swichi, mashine ikahamisha yenyewe na vidole vikabaki palepale. Isaya aliiziba swichi ile kwa plasta, ile ya hospitali ya kushikizia sindano ya dripu, aliyokuwa ameibandua kwenye mkono wake mwenyewe. Alisema kinanda kilichomzika babu hakikuwa na swichi, na mimi nisingekuwa nayo. Nilimchukia siku hiyo, na siku zilizofuata niliendelea kumchukia kidogo kila nilipoiona plasta ile, yenye doa la damu kavu.

Mvua zilipoanza kupungua, mstari wa tatu ulikubali. Nakumbuka ilikuwa jioni, umeme upo, mama anakaanga dagaa. Mkono wangu wa kushoto ulifunguka, kidole cha mwisho kikatua mahali pake, na meza iliyobeba kinanda ikavuma. Isaya alikuja akalaza sikio juu ya meza kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. Aliniambia nirudie. Nikarudia, na tena, mpaka mama akauliza kutoka jikoni kama kuna wimbo mwingine duniani. Alipoinua uso alikuwa analia, na mimi, kwa utoto wangu, nikadhani maumivu yameanza, nikakimbilia maji ya kunywa. Hayakuwa maumivu. Nikamwomba niupige wote sasa, kutoka juu mpaka chini. Akasema bado, mstari wa pili unayumba pale katikati. "Jumamosi tutaunganisha."

Alhamisi alfajiri alichukuliwa kwa bajaji ya jirani, mama ameketi nyuma amempakata kama mtoto ingawa miguu yake ilining'inia nje. Safari hii damu ilikwama kifuani. Shangazi yetu, dada yake baba, mwanamke mpole aliyekuwa akiuza vitenge Kiwalani, alikuja kukaa na mimi. Nilifanya mazoezi ya mstari wa pili kama mtu anayepewa mshahara. Nilikata ile sehemu ya katikati vipande vidogo zaidi ya vile alivyovikata yeye, nikavipiga polepole, nikaacha kabla sijachoka, nikarudi. Na Jumamosi mchana, kwa kuwa siku ilikuwa imefika na yeye hayupo, nikaunganisha. Nilianza juu na kushuka mpaka mwisho bila kukosea popote. Shangazi aliacha kumenya viazi. Aliuliza ni nani aliyenifundisha kitu hicho, kisha akajijibu mwenyewe kwa kufunika uso na upande wa khanga.

Jioni ile mama alipiga simu kwa shangazi. Nilimwomba nizungumze na Isaya, na baada ya kelele za wodi nikasikia pumzi yake, fupifupi, kama mtu anayepanda ngazi. Nikamwambia umekubali, wote, mpaka mstari wa pili, na kwamba naiweka simu juu ya kinanda sasa hivi asikie. Nilikuwa nimeshaiweka. Nikasikia ananiita kwa mbali, ikabidi niichukue tena.

"Usinipigie kwenye simu, Tuse. Simu inakula besi. Nirudi kwanza."

Nikamwambia hata hivyo asikie kidogo. Akasema hapana, amesubiri tangu utoto, hawezi kushindwa siku mbili. Kisha akacheka, kicheko kikamletea kikohozi, na mama akachukua simu.

Baba alirudi Jumatatu mchana. Baba hakuwa mtu wa kurudi mchana. Alisimama mlangoni na begi lake la kazini, akavua viatu polepole, akavipanga ukutani, ndipo shangazi akapiga ukelele. Ndani ya muda mfupi nyumba haikuwa yetu tena. Wanaume walitoa makochi na meza nje, mikeka ikatandikwa sebuleni, turubai likafungwa kwenye zile nondo zilizochomoza, akina mama wa kwaya wakawasha moto uani na kuteka jikoni. Mama alilazwa kwenye godoro ukutani na mimi nikakalishwa ubavuni pake. Kila aliyeingia alituinamia, akatupa pole, akakaa. Nililetewa uji nikiwa nimekaa, nililetewa maji ya kunawa nikiwa nimekaa. Ndivyo tunavyofiwa. Mfiwa haondoki mkekani, haoshi kikombe, hanyanyui kitu, watu wote wanakuwa mikono yake. Nimeona desturi hiyo ikiwaokoa watu wengi tangu wakati huo, siisemi vibaya. Lakini kinanda kilikuwa kimetolewa nje pamoja na meza, na mimi nilikuwa ndani.

Siku ya mazishi, nilipoona kwaya inajipanga chini ya turubai, nilimwambia shangazi kwamba mimi ndiye ninayetakiwa kupiga. Nilimwambia Isaya aliniagiza. Alinitazama kwa huruma ya kweli, akanirudisha chini kwa kunishika bega. "Mfiwa hafanyi kazi, mwanangu. Tulia tu, watu wapo watafanya." Nikasema si kazi, ni ahadi. Akaninong'oneza nisimtie mama yangu aibu, watu watasema nini, kaka yangu yuko kwenye jeneza na mimi nakaa kupiga kinanda. Nilisimama nikaenda mpaka mlangoni. Baba alikuwa ameketi mstari wa mbele na wanaume, koti la suti limemzidi mabega. Aliniona. Nilimwonyesha kinanda kwa kidole. Alitikisa kichwa mara moja, taratibu, kisha akatazama ardhi. Asingeweza kuelewa. Hakuna aliyewahi kumwambia, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa imekataza kuambiwa.

Kijana mmoja kutoka kanisa la Mbezi ndiye aliyeletwa kupiga. Hakuwa na kosa lolote, alikuja bure na alikuja mapema. Nilimwona kupitia dirishani akikichunguza kinanda, akaikuta plasta, akaibandua kwa kucha na kuibandika chini ya meza, kisha akabonyeza swichi mpaka akapata sauti inayomfaa. Waliuimba wimbo ule jeneza likitolewa. Aliupiga haraka, mkono wa kushoto ukidundadunda mahali pamoja, na kwenye mstari wa tatu besi haikuwapo kabisa. Wanawake walilia, wanaume walilia, wengi walisema baadaye kwamba ibada ilikuwa nzuri. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nabonyeza sakafu. Baada ya kuanua matanga mwenyekiti wa kwaya alikuja na mkokoteni, akamshukuru baba kwa kuwatunzia kinanda, akakipeleka kwa mpigaji mpya. Sikugusa kingine mpaka nilipokuwa kidato cha tano.

Sasa hivi mimi ni mwalimu wa piano. Nafundisha hapohapo Kibamba, katika upande ule wa nyumba ambao baba aliumaliza kabla hajastaafu, na siku nyingine nakwenda majumbani, Mbezi, mpaka Upanga kwa familia za Kihindi ambako kuna piano halisi ya mbao na mlezi wa mtoto anayeleta juisi. Barabara ya Morogoro imepanuka, umeme unakatika kwa nadra, na wanafunzi wangu wana simu zinazowaonyesha kidole gani kitue wapi. Watoto wenye selimundu wana dawa ambazo Isaya hakuzipata, nami nina mmoja wao anayekuja na chupa yake ya maji na kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nimempita kaka yangu kwa umri, na kwa ufundi nimempita mbali. Nafundisha kwa njia yake, kwa sababu sijaona iliyo bora: anzia mwisho, kata vipande, nenda polepole, acha kabla hujachoka. Ni njia nzuri na inafanya kazi. Lakini nina hasira nayo. Nina hasira na yeye pia, na umri haujaipunguza. Vidole vyake havikuweza kuufikia wimbo ule, vyangu viliufikia, simu ilikuwa mkononi mwake na mimi nimekaa tayari, na akataka kwanza uwe kamili. Alikufa akiwa amesikia vipande tu.

Kwa hiyo kuna jambo moja ninalolifanya ambalo asingeliruhusu. Mtoto akija kwangu siku ya kwanza na wimbo anaoutaka, kabla sijaukata, namwambia aupige wote kwa namna yoyote anayoweza, na aliyemleta namzuia asiondoke kwanza. Vidole vinagongana, mkono wa kushoto unapotea, mtoto anaona haya. Mwezi uliopita mama mmoja aliyesimama hapo mlangoni na funguo za gari mkononi aliniuliza kwa upole kwa nini namwacha mwanawe arundike makosa yote yale badala ya kumrekebisha. Nilimwambia kurekebisha tutaanza wiki ijayo, muda upo. Kisha nikamgeukia mtoto nikamwambia aendelee mpaka mwisho, mama yake anasikiliza.